Miguu ya Kuku wa Nyama Hujengwa kwa Mizani

Na Mwandishi Wetu

Asubuhi ya siku ya kumi na saba mama mmoja alifungua mlango wa nyumba ya kuku wake, akaona jambo lililomshtua. Vifaranga 200 alionunua katikati ya mwezi wa Novemba walikuwa wamekua vizuri, tena wanene. Lakini kiasi cha 12 kati yao hawakuinuka kukimbilia chakula. Walikaa juu ya vifundo vya miguu, wakajivuta kwa mabawa. Siku ya pili wakawa 20, na siku ya tatu wakawa 30.

Mama huyu tumemtwaa kuwa mfano. Jina lake halina haja, kwani wako wengi walio kama yeye katika Kiambu, Kisii, Machakos na Kilifi. Kuku wale alitaka kuwauza wakati wa Krismasi, na fedha zao zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa: ni karo ya mtoto wake wa shule ya sekondari mwezi wa Januari. Kuku asiyeweza kusimama hafiki kwenye chakula; asiyefika kwenye chakula hanenepi; na asiyenenepa hana mnunuzi. Basi kila kifaranga aliyekaa kitako alikuwa ni kipande cha karo kinachopotea.

Jirani yake, mfugaji wa siku nyingi wa kuku wa mayai, alikuja kutazama. Akasema, “Mama, hawa wamepungukiwa na chokaa. Waongezee.” Mama akaongeza. Baada ya siku nne vilema walikuwa wamezidi, na watano walikuwa wamekufa. Ndipo alipokwenda kumwita Afisa wa Mifugo.

Ndugu mfugaji, jirani yule hakuwa mtu mjinga, wala hakumtakia mwenzake mabaya. Alisema wanayoyasema watu wengi. Lakini shauri lake lilikuwa baya, na katika makala hii tutaeleza sababu yake. Neno kubwa la kushika ni hili: madini katika chakula cha kuku wa nyama hayataki wingi, yanataka kipimo.

KUKU HUYU ANA HARAKA

Kuku wa nyama si kama kuku wetu wa kienyeji anayeokota wadudu na majani uani. Kifaranga wa siku moja ana uzito wa gramu 40 hivi. Akilishwa vyema, baada ya wiki 6 ana kilo 2 na zaidi. Yaani katika muda wa mwezi mmoja na nusu uzito wake umeongezeka mara 50. Kuku wa kienyeji huchukua miezi mingi kufikia uzito huo.

Nyama hiyo yote yahitaji kubebwa na miguu miwili. Mfupa wa kifaranga kwanza ni gegedu, kitu laini kama ncha ya sikio lako. Kisha gegedu hiyo hujazwa madini, ikawa ngumu. Madini makubwa ya kazi hiyo ni mawili. La kwanza ni kalsiamu, ile iliyomo katika chokaa. La pili ni fosforasi. Karibu kalsiamu yote iliyomo mwilini mwa kuku, sehemu 99 katika 100, imo katika mifupa yake, na sehemu kubwa ya fosforasi imo humo humo.

Madini haya mawili hufanya kazi pamoja kama mawe na saruji katika ukuta. Fundi akiwa na mawe mengi na saruji kidogo hawezi kujenga, na hata ukimletea lori jingine la mawe ukuta hausimami. Ndivyo ilivyo kwa mfupa. Kalsiamu ikiwa nyingi na fosforasi ikiwa haba, mfupa hubaki laini. Tena kalsiamu iliyozidi huishika ile fosforasi kidogo iliyopo ndani ya matumbo, ikatoka nayo katika kinyesi. Mfugaji anadhani analisha, kumbe ananyang'anya.

FOSFORASI ILIYOFUNGWA NDANI YA NAFAKA

Mtu aweza kuuliza: “Je, mahindi na soya havina madini?” Vinayo, lakini yasikilize vizuri mambo yake.

Mahindi karibu hayana kalsiamu. Katika kilo 100 za mahindi mna gramu 20 tu hivi. Fosforasi yake ni zaidi, kiasi cha gramu 280, lakini sehemu kubwa imefungwa katika kitu kiitwacho fitati. Mmea huiweka akiba hiyo kwa ajili ya mche utakaoota. Ng'ombe aweza kuifungua kwa msaada wa vijidudu vilivyomo tumboni mwake. Kuku hana ufunguo wa kutosha. Kwa hiyo katika zile gramu 280 anaweza kutumia kama gramu 80 tu. Soya nayo ni hivyo hivyo: zaidi ya nusu ya fosforasi yake imefungwa. Pumba za ngano zina fosforasi nyingi sana ukizipima katika maabara, lakini nyingi yake imefungwa vile vile.

Tangu miaka ya 1990 viwanda vingi vya chakula vimekuwa vikitia kimeng'enya kiitwacho fitasi, ambacho ndicho ufunguo wenyewe. Chakula kilichotiwa fitasi chahitaji fosforasi kidogo zaidi ya kuongezwa. Lakini mfugaji achanganyaye chakula nyumbani bila kitu hicho asijidanganye kwamba mahindi yake yametosha.

AFISA APIMA GOROGORO

Sasa turudi kwa mama yetu. Afisa wa Mifugo alipofika hakuanza na dawa. Aliomba aonyeshwe kifaranga aliyekufa asubuhi ile. Akachukua mfupa wa muundi, akaupinda kwa vidole. Mfupa wa kifaranga mzima huvunjika kwa mlio, kama kijiti kikavu. Mfupa ule ulipindika kama mpira wala haukuvunjika. Akabonyeza mdomo wa kifaranga kilema aliye hai, nao ukalegea.

“Mama,” akasema, “haya ni matege. Nionyeshe jinsi unavyochanganya chakula.”

Mama akaeleza. Wiki ya kwanza alinunua chakula cha dukani. Kisha, ili apunguze gharama, akaanza kuchanganya mwenyewe: mahindi yaliyosagwa, soya, chumvi kidogo, na mchanganyiko wa vitamini kutoka agroveti. Kwa kila kilo 100 alitia gorogoro moja ya chokaa ya mawe. Alipoambiwa na jirani aongeze, akatia gorogoro mbili.

“Na ile DCP?” afisa akauliza.

“Niliiacha, Bwana Mifugo. Bei yake ni kubwa, nami niliambiwa ni chokaa vile vile.”

Afisa akalijaza kopo la gorogoro chokaa, akaliweka juu ya mizani. Mama alidhani ni kilo 2, kwa kuwa gorogoro ya mahindi ni kilo 2. Mizani ikaonyesha karibu kilo 4. Jiwe lililosagwa ni zito kuliko mahindi, na kopo halijui tofauti hiyo.

Basi hesabu ya mama ilikuwa hivi. Mwanzo, katika kila kilo 100 za chakula, alitia kalsiamu kiasi cha kilo 1 na nusu, nayo fosforasi ya kutumika haikufika gramu 150. Baada ya shauri la jirani kalsiamu ikawa kilo 3, na fosforasi ile ile. Kifaranga ahitaji kalsiamu mara mbili hivi ya fosforasi. Hawa walipewa mara 20.

KUZIDI NAKO NI MARADHI

Yule jirani hafai kulaumiwa sana, kwa maana alisema kutokana na kuku wake mwenyewe. Kuku atagaye huhitaji chokaa nyingi ya kutengeneza maganda ya mayai. Chakula chake huwa na kalsiamu kilo 3 na nusu hadi 4 katika kilo 100. Kifaranga wa nyama ahitaji kilo 1 tu. Ndiyo sababu mfugaji asiwape kuku wa nyama chakula cha kuku watagao, hata kama ndicho kilichobaki stoo, hata kama ni kwa siku chache.

Kalsiamu ya kiasi hicho huwadhuru vifaranga kwa njia tatu. Kwanza, huifunga fosforasi na zinki, kama tulivyosema. Pili, hupunguza hamu ya kula. Tatu, hulemea figo. Ukipasua kifaranga aliyekufa kwa sababu hiyo waweza kuona figo zimevimba, na unga mweupe kama chaki umetanda juu ya moyo na ini.

Iko habari ya zamani ifaayo kukumbukwa hapa. Katika miaka ya 1930 wafugaji wa Marekani walisumbuliwa na kilema cha kuku kilichowashangaza. Kifundo cha mguu kilivimba, na ule mshipa mnene wa nyuma ukateleza kutoka mahali pake, hata mguu ukageuka upande. Walipotia unga wa mifupa mwingi zaidi katika chakula, kilema kilizidi. Mwaka 1936 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba kuku wale walipungukiwa na manganizi, madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo sana. Kalsiamu na fosforasi zilizozidi huishika manganizi ndani ya matumbo na kuizuia isiingie mwilini. Hivyo wale waliotia unga wa mifupa kuwa dawa walikuwa wakiongeza ugonjwa.

Tangu siku zile ndege wamebadilika, nyumba zao zimebadilika, na vyakula vimebadilika. Fundisho halikubadilika. Ukiona kuku kilema usikimbilie kuongeza kitu. Kwanza pima ulichokwisha kutia.

HESABU YA KILO MIA

Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa mwaka 1994 hesabu za mahitaji ya kuku wa nyama, nazo bado hutumiwa na wengi kuwa mwanzo wa kupigia hesabu. Makampuni yanayozalisha mbegu za kuku nayo hutoa hesabu zao; ukipewa karatasi ya kampuni ya vifaranga wako, ifuate hiyo. Katika kila kilo 100 za chakula hesabu za 1994 zasema hivi:

Tangu siku ya kwanza hadi wiki 3: kalsiamu kilo 1, fosforasi ya kutumika gramu 450.

Wiki 3 hadi 6: kalsiamu gramu 900, fosforasi ya kutumika gramu 350.

Wiki 6 hadi 8: kalsiamu gramu 800, fosforasi ya kutumika gramu 300.

Waona kwamba mahitaji hupungua jinsi kuku anavyokua, na kwamba wiki tatu za kwanza ndizo zenye kazi kubwa. Mfupa ulioharibika katika wiki hizo ni shida kuutengeneza baadaye.

Afisa alimwandikia mama mfano huu wa chakula cha wiki za mwanzo, apate kuona jinsi hesabu inavyokwenda:

Mahindi yaliyosagwa, kilo 60.
Soya iliyokamuliwa mafuta, kilo 35.
Mafuta ya kupikia, kilo 1.
DCP, kilo 1 na gramu 700.
Chokaa ya mawe iliyosagwa, kilo 1 na gramu 400.
Chumvi, gramu 400.
Mchanganyiko wa vitamini, madini madogo na amino, gramu 500.

Jumla ni kilo 100. DCP ni unga wenye fosforasi na kalsiamu pamoja: katika kilo 100 zake mna fosforasi kilo 18 na kalsiamu kilo 22 hivi. Chokaa ya mawe ina kalsiamu kilo 38 hivi katika 100, wala haina fosforasi ya maana. Kwa hiyo ni uongo kusema kwamba DCP “ni chokaa vile vile”. Kwanza tafuta fosforasi kwa DCP, kisha kalsiamu iliyopungua ijazie kwa chokaa.

Sasa jumlisha DCP, chokaa na chumvi. Ni kilo 3 na nusu tu katika kilo 100. Kuku mmoja mpaka auzwe hula kilo 3 na nusu za chakula hivi, maana yake kuku 200 hula kilo 700, yaani magunia 10 ya kilo 70. Katika chakula hicho chote madini haya hayazidi kilo 25. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na mahindi na soya, lakini yakikosewa, hayo mahindi na soya yamepotea bure.

Ukitumia omena au samaki wengine waliosagwa, hesabu itabadilika, kwa sababu mifupa ya samaki ina kalsiamu na fosforasi nzuri. Hapo DCP na chokaa hupunguzwa. Mwombe Afisa wa Mifugo akupigie hesabu. Tena iangalie omena yenyewe: iliyoanikwa chini huja na mchanga, na mchanga haumjengi kuku.

SI KILA UNGA MWEUPE NI CHAKULA

Chokaa ya kulishia ni jiwe la chokaa lililosagwa tu bila kuchomwa. Chokaa ya kujengea na kupaka nyumba imechomwa katika tanuri. Ni kali, nayo huunguza mdomo na matumbo ya kuku. Usiitumie. Wafugaji wa Pwani na wa kando ya Ziwa Victoria hutumia makombe na maganda ya konokono wa maji. Hayo yafaa, maadamu yameoshwa na kusagwa laini kwa vifaranga.

Yako pia mawe ya chokaa yenye magnesiamu nyingi. Hayo huuzwa kwa kutibu udongo wenye uchachu. Shambani ni mema, lakini kuku wakila hupata kinyesi cha majimaji, na mifupa yao huharibika. Nunua chokaa iliyouzwa kwa kulishia mifugo, wala si ya shamba.

Mbolea ya fosfeti ni mbolea. Fosfeti ya mawe ambayo haikusafishwa ina florini, na florini nyingi ni sumu kwa mifupa. Mtu akikuuzia mbolea ya mahindi badala ya DCP kwa kuwa ni rahisi, mkatalie.

Na unga wa mifupa? Uliotengenezwa kiwandani kwa mvuke mkali ni mzuri. Lakini usiokote mifupa na kuisaga nyumbani. Nchi yetu ina ugonjwa wa kimeta, na mbegu za kimeta hukaa ndani ya mifupa na udongo miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe ambaye hukujua alikufa kwa ugonjwa gani yaweza kukuua wewe mwenyewe kabla hujawalisha kuku.

CHUMVI NA MAJI

Chumvi ya kawaida ni madini pia. Ikipungua, vifaranga hawakui vyema, na huanza kudonoana hata kutoana damu. Ikizidi, hunywa maji mno, kinyesi huwa maji, na maranda sakafuni huloa. Maranda yakiloa, hewa huwa chungu na miguu huota vidonda. Chumvi ikizidi sana, matumbo ya vifaranga hujaa maji nao hufa.

Gramu 300 hadi 400 katika kilo 100 za chakula zatosha. Lakini angalia maji yako. Visima vingi vya Ukambani na sehemu nyingine kavu vina maji ya chumvi. Yakiwa na chumvi mdomoni mwako, basi kuku wako wanalishwa chumvi mara mbili. Hali kadhalika samaki waliotiwa chumvi. Katika mambo hayo punguza chumvi ya chakula kwa shauri la afisa. Wala usitie magadi mahali pa chumvi, kwa kuwa si kitu kimoja.

MADINI MADOGO

Baada ya hayo yako madini yanayohitajika kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Katika kilo 100 za chakula kuku wa nyama ahitaji manganizi gramu 6, zinki gramu 4, chuma gramu 8, shaba chini ya gramu 1, na iodini chini ya hapo. Seleniamu yahitajika gramu 0.015 tu, uzito usiofika punje moja ya mchele.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba hizi zikizidi huwa sumu, hasa seleniamu. Hakuna mkono wa mkulima unaoweza kugawa punje moja ya mchele ndani ya gunia zima. Kwa hiyo madini haya hununuliwa yamekwisha changanywa, katika ule mchanganyiko tulioutaja. Nunua ule wa kuku wa nyama, fuata kipimo kilichoandikwa, wala usitie maradufu.

Manganizi ikipungua utaona kifundo kimevimba na mguu umegeuka upande. Zinki ikipungua utaona manyoya mabovu yaliyochakaa, miguu mifupi minene, na ngozi ya miguu yenye magamba.

Vitamini D si madini, lakini bila hiyo kalsiamu haiingii mwilini. Kuku wa uani huipata kwa jua. Kuku wa nyama hukaa ndani, na kioo cha dirisha huzuia ile miali ya jua inayohitajika. Sharti basi wapate vitamini D katika chakula. Mchanganyiko uliokaa juani au stoo yenye joto kwa miezi mingi umepoteza nguvu zake, hata kama mfuko haujafunguliwa.

JINSI YA KUCHANGANYA

1. Pima kila kitu kwa mizani. Vitu vidogo vipime kwa mizani ndogo ya gramu, wala usitumie kopo, kiganja au kijiko.

2. Changanya kwanza chumvi, mchanganyiko wa vitamini, DCP na chokaa pamoja na kilo 2 au 3 za unga wa mahindi katika karai safi, mpaka rangi iwe moja.

3. Mchanganyiko huo uchanganye tena na kilo 10 za mahindi.

4. Kisha umwage juu ya chakula chote kwenye sakafu safi ya saruji, ukikigeuza kwa sepetu kutoka upande huu hadi upande ule, si chini ya mara nne.

5. Usitengeneze cha zaidi ya wiki mbili au tatu. Kiweke juu ya mbao, mahali pakavu.

Chakula kisichochanganywa vyema ni hatari kama chakula kibaya. Kuku mmoja atakula chumvi yote, na mwenzake asipate hata chembe.

Ukinunua chakula cha dukani, soma karatasi iliyoshonwa kwenye gunia. Tazama kimetengenezwa kwa kuku gani, kwa umri gani, tarehe gani, na kama kina alama ya Shirika la Viwango la Kenya. Chakula kilichokamilika kisiongezwe chokaa wala chumvi nyumbani, kwa maana hesabu yake imekwisha pigwa.

SI KILA KILEMA NI CHA CHAKULA

Kuku aweza kulemaa kwa sakafu yenye utelezi, kwa msongamano, au kwa ugonjwa. Kideri chaweza kupooza miguu na kupinda shingo. Viko na vijidudu vinavyoingia katika viungo vya mifupa. Kwa hiyo tazama mfupa kama alivyofanya afisa, na ukiwa na shaka peleka kuku wawili au watatu, vilema au waliokufa muda huo huo, katika maabara ya mifugo ya serikali, kama zile za Kabete, Nakuru, Karatina, Eldoret, Kericho na Mariakani. Chukua pamoja nao kilo moja ya chakula wanachokula. Kuku bila chakula chake ni nusu ya habari.

MWISHO WA MAMBO YA MAMA

Siku ile ile mama alikusanya chakula chote kilichobaki. Hakukitupa. Afisa alimwonyesha kwamba chaweza kutumika kwa kuku wake wachache wa kienyeji watagao, wakikila kidogo kidogo pamoja na nafaka. Kwa vifaranga akachanganya chakula kipya chenye DCP, kila kitu kwa mizani aliyoazima katika duka la kahawa la chama chao. Vilema akawatenga penye maranda makavu, akawawekea chakula na maji chini karibu nao, wasikanyagwe na wenzao.

Matege yakigunduliwa mapema hutibika kwa chakula. Baada ya wiki moja na siku chache wengi wa wale waliokuwa wakikaa kitako walisimama. Waliokwisha kupinda miguu hawakunyoka, ilibidi wachinjwe. Wale 200 hawakufika sokoni wote, na waliofika walichelewa siku chache, wengine wakauzwa baada ya Krismasi kwa bei ya chini. Karo ya Januari ililipwa, lakini sehemu yake ilitoka katika fedha zilizokuwa za kununua vifaranga vingine.

Mama akanunua mizani. Gorogoro ameirudisha jikoni, mahali pake pa kupimia mahindi. Na yule jirani alipokuja siku nyingine kuomba chokaa kwa vifaranga wake wapya, mama alimwuliza kwanza, “Ni wa mayai au wa nyama? Na wana umri gani?”

Ndugu mfugaji, maswali hayo mawili jiulize na wewe kabla hujafungua gunia. Ukishindwa na hesabu, mwone Afisa wa Mifugo wa wadi yako. Nenda ukiwa na karatasi yenye majina na uzito wa kila kitu unachotia katika chakula, naye ataweza kukusaidia kabla kuku wa kwanza hajakaa kitako.